Mbao za Chini

Jumatatu jioni Milka alirudi nyumbani akinuka petroli, na mama yake akamzuia mlangoni kwa mwiko.

"Usiingie hivyo. Hiyo ni nini kwenye sketi?"

"Grisi, Mama."

"Grisi!" Filister aligeuka kumtazama mumewe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akiosha miguu. "Umesikia, Baba Milka? Wenzake wako posta. Wenzake wako hospitali wamevaa koti jeupe. Huyu wako amejitafutia grisi."

Shule ya Milka, huko Migori, ilikuwa imewaagiza wasichana wote wa kidato cha tatu watumie wiki moja ya likizo ya Aprili wakijifunza kazi mahali popote patakapowapokea, kisha warudi na daftari la ripoti lililotiwa sahihi kila ukurasa. Wenye wajomba maofisini walipata ofisi. Filister, ambaye hakuwa na ndugu ofisini, alikwenda kumwomba Roseline, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi ya Homa Bay, na Roseline akakubali kabla hajamaliza kuomba. Asubuhi hiyo Milka alipita mbele ya duka hilo bila kusimama. Aliteremka moja kwa moja hadi ufukweni, kwenye banda la Hamud, fundi wa injini za boti, akamwuliza kama anachukua wanafunzi.

"Sasa nitamwambia nini Roseline?"

"Mwambie nataka kujua injini."

"Injini! Utaolewa na nani, na kucha hizo?"

"Mwache," alisema Joash, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. "Ni wiki moja tu."

Filister hakuwa na nafasi ya kugombana zaidi. Wiki ile mikono yake haikumtosha. Jumamosi kwaya ya akina mama ilikuwa inavuka kwenda kisiwa cha Takawiri kufungua chumba kipya cha zahanati ya kanisa. Yeye alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, mshonaji wa kola za kwaya, na mpishi wa mandazi ya safari. Mdogo wake Milka, Pamela, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amepewa shairi la kusoma huko, na alilisoma nyumbani kutwa mpaka kuku wakalizoea. Barabara ya Mbita ilikuwa imekatwa na mvua za Elnino, kwa hiyo ingebidi waende kwa maji njia yote, wakizunguka Rusinga. Boti ilikuwa moja tu ya kuwatosha: Nyar Rusinga. Mwenyewe alikuwa Roseline, na nahodha wake alikuwa Joash.

&nbsp;

Hamud alikuwa mtu wa Lamu. Alikuja Homa Bay kwa kazi ya mwezi mmoja, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na mbili. Siku ya kwanza alimpa Milka plagi arobaini na brashi ya waya azisugue, akidhani atachoka. Hakuchoka. Siku ya pili alimfungulia injini kichwa akamwonyesha maji yanapoingilia na yanapotokea.

"Injini ya boti hupozwa na maji ya ziwa," alimwambia. "Hiki kigurudumu cha mpira ndicho kinachoyavuta. Impela. Kikikatika meno, maji hayapandi, na injini inajiunguza yenyewe. Na gugu maji likiziba tundu hili, ni yale yale. Umefahamu, binti?"

"Nimeelewa, fundi."

Gugu maji lilikuwa limeijaza ghuba yote mwaka ule, kijani kibichi toka gatini hadi macho yanapokomea, kama shamba ambalo hakuna aliyelipanda. Wavuvi waliokosa njia ya kutoka walishinda kando ya banda wakitafuta la kucheka, na msichana mwenye bisibisi alikuwa zawadi kwao.

"Hamud, umeoa tena?"

"Msupa, njoo ufungue na yangu!"

Mzee mmoja alisema bila kucheka kwamba mwanamke akilala chini ya boti, boti hiyo haileti samaki tena. Hamud hakuinua kichwa. "Mwenye injini mbovu ailete afunguliwe," alisema. "Asiye na injini, anaziba mwanga."

Jumatano Nyar Rusinga ilivutwa juu ya mchanga kwa magogo ili isafishwe kwa safari. Hamud alimtuma Milka chini yake akwangue uchafu. Alilala chali kwenye mchanga wenye maji akikwangua kwa bisibisi, kijani kikimwangukia shingoni, hadi karibu na mkuku, pale mbao zinapokutana. Hapo bisibisi ilizama. Haikukwama wala haikuteleza. Ilizama mpaka kwenye mpini, kama ndani ya muhogo uliochemshwa.

Aliichomoa. Akajaribu ubao wa pili, kisha wa tatu na wa nne.

"Fundi," aliita. "Njoo uone."

Hamud alipiga magoti, akabonyeza kwa kidole gumba, ubao mmoja mmoja. Alikuwa bado amepiga magoti Roseline alipofika, mwavuli mkononi, peremende za watoto mfukoni kama kawaida yake.

Roseline hakuwa mtu mbaya, na Homa Bay nzima ilijua hivyo. Filister alipofanyiwa upasuaji mwaka uliopita, Roseline ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake siku kumi na moja, akimlisha uji kwa kijiko. Joash alipofukuzwa kwenye kiwanda cha samaki, Roseline ndiye aliyemkabidhi boti.

"Bi Roseline," alisema Hamud, "mbao nne hizi zimeoza. Si za kuzibwa nyufa kwa kalafati hizi. Ni za kung'olewa."

"Mbao nimeagiza Migori. Lori limekwama, daraja limeenda na maji. Unataka nizitoe wapi, tumboni?"

"Basi safari ingoje."

"Watu wa Takawiri wameshanunua ng'ombe wa kuchinja, fundi."

"Nenda na watu kumi. Na injini nayo, impela imekatika meno mawili, na mjini hapa hakuna nyingine."

Roseline aliukunja mwavuli wake taratibu, akaufunga kifungo. "Bwana Hamud," alisema kwa upole, "hili banda ni la nani?"

Banda lilikuwa la Roseline, na chumba alicholala kilikuwa cha Roseline.

"Nimeuliza tu," alisema Roseline. "Paka lami vizuri, tafadhali."

Alipoondoka, Hamud alikata debe la mafuta ya kupikia, akalinyoosha kwa nyundo, akaligongomea juu ya zile mbao na gunia chini yake. Impela iliyokatika aliirudisha mahali pake. Milka ndiye aliyechemsha lami, na Milka ndiye aliyeipaka, brashi juu, brashi chini, mpaka bati lisionekane na tumbo la boti likang'aa jeusi kama kiatu cha askari.

&nbsp;

Alhamisi jioni walikuwa wakila ugali na omena. Milka alisubiri baba yake anawe mikono.

"Baba, mbao za chini za boti zimeoza."

"Najua."

Milka alidhani hakusikia vizuri.

"Najua," Joash alirudia. "Tangu Januari nachota maji. Mwanzo ilikuwa debe moja nikifika Kendu Bay. Sasa ni matano. Unadhani mimi hukaa pale nyuma nikihesabu ndege?"

"Na Mama anajua?"

Filister alikuwa akimwongezea Pamela omena, na aliendelea kumwongezea ingawa sahani ilikuwa imejaa.

"Anajua," alisema Joash.

"Na mtapanda? Watu thelathini na zaidi, na simenti?"

"Milka," alisema mama yake, "ulikuwa shuleni mimi nilipolala hospitali. Hukuona. Yule mama alinifulia nguo ambazo hata dada yangu alizikimbia. Sasa nimwendee nimwambie nini? Kwamba boti yake hainifai?"

"Pamela hajui kuogelea."

"Najua kidogo," alisema Pamela.

"Nyamaza, ule." Joash aliusukuma mkeka kwa mguu. "Sikiliza, nyathina, mtoto wangu. Nikisema siendi, kesho asubuhi kuna wanaume sita pale ufukweni wanaongojea kuishika ile kamba ya injini. Boti itaenda tu. Tofauti ni kwamba itaenda na mtu asiyeijua. Mimi naijua. Najua pa kupita na saa ya kuchota."

"Mimi ndiye niliyepaka ile lami, Baba. Mtu akiitazama sasa anaona boti mpya. Mimi ndiye niliyewafunga watu macho."

Filister alikusanya sahani, na moja ilimponyoka ikavunjika, na hakuna aliyesema pole.

&nbsp;

Ijumaa Roseline alikuja bandani kuchukua injini. Alimkuta Hamud nyuma akipakia petroli, na juu ya meza daftari la Milka limefunguliwa. Alivaa miwani yake akalisoma bila haraka.

*Jumatano. Leo nimejifunza kukwangua boti. Mbao nne karibu na mkuku zimeoza, bisibisi inaingia yote. Fundi alisema zing'olewe. Mwenyewe alikataa. Tumeweka bati la debe na kupaka lami. Boti hii haifai kubeba watu.*

"Milka."

"Ndiyo, Madam."

"Ung'oe huu ukurasa, mama."

"Kitabu ni cha shule, Madam. Tumeambiwa kurasa zitahesabiwa."

"Nitakununulia kingine. Andika plagi, andika petroli, mambo mazuri uliyojifunza. Shule haikukutuma kupeleleza watu." Alimgeukia Hamud, aliyekuwa ameingia akipangusa mikono. "Na wewe hutatia sahihi uongo huu."

Hamud alipangusa mikono mara ya pili, ingawa ilikuwa mikavu. Aliichukua kalamu ya Milka. Hakuanza na Jumatatu. Alianza na Jumatano, akaandika jina lake lote, la baba na la babu.

"Ulisema lami, nikapaka lami," alisema. "Hiyo ni aibu yangu na nitaijibu mbele ya Mola wangu. Lakini mkono huu useme sikuona nilichokiona? Hapana, Bi Roseline."

"Mwisho wa mwezi nataka ufunguo wangu."

"Utaupata."

Roseline alipokwenda, Milka alilifunga daftari. Hamud alimpa plagi azisugue. Alizisugua mpaka jua likapinda.

&nbsp;

Jumamosi saa mbili asubuhi ufukwe ulikuwa umejaa kola nyeupe. Akina mama kumi na wanane wa kwaya, mchungaji na mkewe, wazee wa kanisa, watoto, mifuko kumi na miwili ya simenti, na ndama mmoja aliyekataa kupanda hadi alipobebwa. Nyar Rusinga ilielea imekaa chini kabisa majini. Filister alikuwa ameshaketi katikati, Roseline kulia kwake, Pamela mapajani na shairi lake mkononi.

Milka alikuja wa mwisho na kikapu cha mandazi. Alikiweka mchangani. Aliingia majini na sketi yake ya kanisani, akapanda boti, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka karibu na nyuma, akainama akainua ubao wa sakafu. Chini yake maji yalikuwa yanacheza, meusi kwa lami, na boti ilikuwa haijasukumwa bado.

"Njooni muone," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia. "Njooni muone mnachokalia! Chini ya lami ni bati la debe, na chini ya bati mbao zimeoza. Mimi ndiye niliyezipaka. Nimekuja kusema."

Kwanza walicheka. Kisha mtu akamwambia atoke, asiitie safari laana. Mkewe mchungaji alianza wimbo ili kumfunika, na wachache wakamfuata. Ni Nyasuguta peke yake, mama wa Kikuria aliyeolewa Homa Bay, aliyeinuka na gongo lake. Mpwa wake alikuwa mmoja wa waliokufa ile meli ilipozama Mwanza miaka miwili nyuma. Alikuja, akachungulia, akachovya kidole kwenye yale maji. Alishuka, akaketi mchangani miguu imenyooshwa, kama aliyefika msibani.

Wimbo ulikatika.

"Joash," aliita Roseline, kwa sauti ya kutosha ufukwe wote. "Wewe ndiye nahodha. Mwambie mtoto wako, na uwaambie na hawa watu, kama boti yako ni mbovu."

Joash alikuwa amesimama nyuma, kamba ya injini imezungushwa kiganjani. Watu wote walimtazama. Alimtazama Milka, aliyelowa hadi kiunoni, ameshika ule ubao kifuani kama sinia. Alikohoa.

"Boti si yangu," alisema. "Lakini ni mbovu. Nimeichota tangu Januari." Aliikunjua kamba kiganjani, akaiweka juu ya kiti, akaruka majini.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi sokoni. Watu kumi na wanane walishuka, wengine wakilia, wengine wakitukana. Wengine walishuka wakapanda tena. Waliobaki walibaki kwa sababu mchungaji alibaki, au kwa sababu walikuwa wamekula mkononi mwa Roseline, na mtu hashindani na mkono uliomlisha. Filister hakusogea. Roseline alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake.

"Mama!" aliita Milka, aliyekuwa ameshuka majini nyuma ya baba yake.

Filister alimwinua Pamela kwa makwapa, akampitisha juu ya ubavu wa boti, akamkabidhi Joash bila kumtazama usoni. Kisha akaketi tena mahali pake, akanyoosha kola yake. Kila mtu aliona. Alimtoa mtoto, naye akabaki.

Kijana mmoja jina lake Gichana aliruka ndani akaishika kamba. Hakuombwa mara mbili.

&nbsp;

Safari ile ilichukua saa saba. Kwenye gugu maji injini ilizimika mara mbili, ikatoa moshi, na Gichana akaimwagia maji kwa kopo ipoe. Walipofika kaskazini mwa Rusinga upepo uliinuka, na maji yakaanza kupanda, kwanza kwenye nyayo, kisha kwenye vifundo vya miguu. Akina mama walivua viatu wakachota kwa sufuria zilizoletwa kwa wali. Walichota wakiimba, kisha wakachota bila kuimba. Roseline mwenyewe alichota, miwani ikimteleza puani, na ni yeye aliyemwambia Gichana kwa sauti ya chini atupe simenti. Waliitupa mifuko minane, mmoja mmoja, na ndama akalia kila mfuko ulipoanguka.

Filister alichota kando yake mpaka mabega yakafa ganzi. Mara moja macho yao yalikutana juu ya sufuria. Alingoja Roseline aseme kitu. Roseline aliinama akachota.

Walifika. Takawiri walipokewa kwa vigelegele, chumba kikafunguliwa, nyama ikaliwa. Kabla ya kuingia kanisani Roseline aliwakusanya ufukweni, nguo zikiwachuruzika.

"Tusiwatie watu wasiwasi," alisema. "Mungu ametuvusha. Yaishie hapa."

Jumapili jioni walirudi wakiwa wachache, kwani baadhi walibaki kisiwani, na ziwa likiwa limetulia. Filister aliingia nyumbani, akaning'iniza kola yake msumarini, akalala bila kula. Pamela alimwuliza kama watu wa Takawiri walisikitika kukosa shairi. Alijifunika shuka hadi kichwani.

&nbsp;

Kuanzia Jumatatu mji ulikuwa na wimbo mmoja: walikwenda na wamerudi. Joash alipopita ufukweni kutafuta kibarua, vijana walimwita nahodha wa nchi kavu, na Gichana, ameketi juu ya tangi la petroli la Nyar Rusinga, alimrushia debe: "Mzee, nichotee basi, wewe ndiye mzoefu." Milka aliitwa mkosi, na muuza nyanya alikataa kumpimia kwa mkono wake. Walionunua samaki wa kukaanga kwenye meza ya Filister sokoni walihamia meza ya jirani, na wale wa kwaya waliokuwa wamechota naye walimsalimia kwa haraka mno.

Lakini kitu kingine kilitokea, ambacho hakuna aliyekipanga. Jumatano, Nyar Rusinga ilipokuwa inapakia kwenda Kendu Bay, mwanamke mmoja mwenye kapu la mboga alisimama majini akasema, "Kwanza inua hizo mbao za chini, nione." Gichana alimcheka. Yule mwanamke hakupanda. Aliyemfuata naye akataka kuona. Alhamisi boti iliondoka na watu sita. Ijumaa haikuondoka.

Ijumaa hiyo hiyo, alasiri, Roseline alikuja kwa Filister. Alikuja na kilo mbili za sukari na kitenge kipya, akaketi kwenye kigoda cha Joash.

"Filister, wewe ni dada yangu."

"Ndiyo, dada."

"Maneno ya mtoto yamenichafulia jina. Mimi sitaki kesi wala ugomvi. Jumapili, baada ya matangazo, simama kanisani. Wewe watakuamini, kwa sababu ulikuwa ndani. Omba msamaha kwa niaba ya nyumba yako, kisha sema ulichokiona."

"Niseme nilichokiona?"

"Kwamba tulikwenda na tukarudi salama. Basi. Na Jumatatu Joash atarudi kwenye kamba yake. Gichana hajui kazi."

Milka alikuwa ndani akipiga pasi, na pasi ilisimama. Joash, aliyekuwa ameegemea mlango, alikuna shingo yake muda mrefu.

"Mimi yangu nilishasema," alisema. "Huyu ana mdomo wake."

Roseline alipoaga, Filister alimsindikiza hadi njiani, kama ilivyo adabu. Kitenge alikirudisha mkononi mwa Roseline, akisema rangi hiyo haimfai. Sukari ilibaki.

&nbsp;

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Watu walikuwa wamesikia. Roseline alikaa safu ya mbele na miwani yake, Nyasuguta nyuma kabisa na gongo lake, na Joash na mabinti wake katikati, wamebanana. Hamud hakuwapo, kwa kuwa si dini yake, lakini banda lake alilifunga mapema akasimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la chumvi, ambako sauti ya kanisa hufika.

Matangazo yalipokwisha, mchungaji alisema kuna dada ana neno. Filister alitoka kwenye kwaya. Alikuwa amezoea kusimama pale, lakini kila mara akiwa na wenzake kumi na saba, na sasa hakujua aiweke wapi mikono. Aliifumbata tumboni.

"Nimeambiwa niombe msamaha," alisema. "Ni kweli, nina deni la msamaha. Nimekuja kuuomba."

Roseline aliitikia kwa kichwa, kwa upole.

"Naomba msamaha kwenu ninyi mnaopanda boti. Tangu Januari mume wangu amekuwa akichota maji chini ya miguu yenu, na mimi nilijua. Niliwauzia samaki, nikawaambia safari njema, nikijua. Naomba msamaha kwa kwaya. Jumamosi ile nilimshusha mtoto wangu kwenye boti, wenu nikawaacha."

Mama mmoja wa kwaya alishika mdomo. Watoto wake wawili walikuwa kwenye safari ile.

"Naambiwa niseme nilichokiona. Niliona maji yakifika hapa." Aliinama akagusa mguu wake, juu ya kifundo. "Niliona mifuko minane ya simenti ya zahanati ikitupwa ziwani. Mchungaji, wewe uliona. Dada Roseline, wewe uliagiza. Tulichota kwa sufuria za wali, saa tatu nzima, na tulipofika tukaambiwa tunyamaze, tukanyamaza, tukaimba. Mwanangu hakunyamaza, na ninyi mnamwita mkosi."

Minong'ono iliinuka kama mvua kwenye mabati. Mchungaji alitazama Biblia yake. Nje ya dirisha mtu alisema kwa Kijaluo, kwa sauti, kwamba hata yeye alikuwamo na ni kweli, na mtu mwingine akamwuliza kwa nini basi alinyamaza.

Baada ya asubuhi ile Joash hangerudishwa kwenye ile kamba, si Jumatatu ile wala nyingine yoyote. Angevua kwa mtumbwi wa shemeji yake, na mwaka huo wangekula mara moja kwa siku miezi mingi. Hamud angetoa ufunguo mwisho wa mwezi na kuhamia Kendu Bay na vyuma vyake, na likizo ya Agosti Milka angemfuata huko kufungua injini. Na mbao za Migori, zilizokuwa zimeshindikana tangu mwaka mpya, zingefika Homa Bay kabla ya siku kumi, kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka pale lori lilipokwama, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyepanda boti ile tena mpaka alipoziona zimegongomewa. Lakini hayo yalikuwa bado. Asubuhi ile Filister hakujua lolote kati yake. Alichojua ni kwamba anasimama mbele ya mwanamke aliyemlisha uji kwa kijiko, na mwanamke huyo analia.

Alishuka hatua moja, akamsogelea.

"Dada, wema wako siukani," alisema. "Mungu akulipe kwa zile siku kumi na moja. Lakini mimi sikulipi kwa roho za watu hawa."

Roseline alisimama, leso usoni. "Mchungaji, mwambie aketi. Inatosha."

Mchungaji aliinua mkono. "Dada Filister, tumekusikia. Keti sasa, tuendelee na ibada."

Filister alimtazama Milka katikati ya kanisa, kisha safu zote, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye madirisha yaliyojaa vichwa. Mikono yake ilikuwa imefumbuka, imetulia kando.

"Sijamaliza," alisema, akaendelea.